Nimeambiwa nipunguze nyayo zangu za kaboni, na mama yangu anauza mkaa

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 21, nasoma mwaka wa pili masomo ya mazingira katika chuo kimoja mjini Morogoro. Nakaa nje ya chuo na wenzangu watatu, tumepanga chumba na sebule na tunapika pamoja kwa mkaa. Muhula huu mhadhiri ametupa kazi yenye alama 20 za koswaki, yaani kazi za muhula. Kila mwanafunzi apime nyayo zake za kaboni, yaani hewa ukaa inayotoka kwa sababu ya maisha anayoishi, kisha ndani ya mwezi mmoja aipunguze kwa asilimia 20 na asimame mbele ya darasa kueleza alivyofanya.

Nilipata kikokotoo kwenye intaneti. Tanzania haikuwemo kwenye orodha ya nchi, nikachagua Afrika Kusini kwa kuwa ndiyo niliyoona iko karibu nasi. Kikaniuliza mwaka huu nimepanda ndege mara ngapi, nina gari la aina gani, nyumba yangu inapashwa joto kwa gesi au kwa mafuta, na nyama ya ng'ombe nakula mara ngapi kwa wiki. Ndege sijawahi kupanda. Gari sina. Na Morogoro hii nani anapasha nyumba joto? Mwishoni kikaniambia nina tani moja na nusu kwa mwaka, kikanipongeza.

Darasani tuna mwenzetu ambaye likizo hupelekwa Dubai na chuoni huja na gari. Yeye alipata tani tisa. Mwezi huu ameacha gari nyumbani anapanda bajaji, tayari ameshapita asilimia 20 na mhadhiri amemsifu mbele yetu. Mimi nikaona nisipojikaza nitapata sifuri. Nikaacha nyama, ingawa kwetu nyama yenyewe huonekana bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, likitoka tu. Nikakataa kwenda kwenye besdei ya mwenzangu kwa sababu walichoma mbuzi. Nikawa nazima chaja za simu za wenzangu, wakakasirika. Usiku nikitoka maktaba natembea kwa miguu badala ya kupanda bodaboda, na ile njia ina giza.

Kubwa zaidi ni la mama. Mama yangu anauza mkaa kwa kopo na kwa kisado pale nyumbani Dumila. Mkaa wenyewe unatoka vijijini huko huko Kilosa, na ndio ulionisomesha tangu kidato cha kwanza. Baada ya somo la ukataji miti nilimpigia simu nikamwambia biashara yake inaharibu dunia, atafute nyingine. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa mwanangu, umesoma." Tangu siku hiyo nikipiga ananisalimia tu, kisha anampa simu mdogo wangu.

Rafiki yangu ananiambia nisijitese, nibadilishe tu hesabu ya kwanza niandike tani tatu, kisha niseme nimeshuka hadi moja na nusu. Anasema hakuna atakayekagua. Mjomba, nifanyeje? Na siku ya kuprizenti, nikiulizwa nyumbani tunaishi kwa kazi gani, nitasema nini?

Mwanafunzi wa Mazingira, Morogoro

---

Marahaba, mpwa wangu.

Koswaki ina tarehe yake ya kukusanywa, kwa hiyo inaweza kungoja kidogo. Mama hawezi, naanza naye. Jambo hili usilimalize kwa simu. Jumamosi panda basi uende Dumila, ni barabara ya Dodoma hiyo hiyo, asubuhi unatoka na jioni umerudi. Kaa naye pale anapouzia, umsaidie kupima. Muombe radhi, na ukishaomba usifuatishe "lakini". Ile "umesoma" aliyokujibu haikuwa sifa, nawe nadhani unajua. Ni mtu aliyelipa ada kwa mikono yenye vumbi jeusi, akaambiwa na aliyelipiwa kwamba vumbi hilo ni dhambi. Somo la ukataji miti ulilipata kwa pesa yake.

Ukishamaliza hilo, ndipo umuulize maswali. Nitarudi hapo, kwa sababu katika kazi hii mama yako ana takwimu ambazo mhadhiri wako hana.

La pili ni amri: usiku panda bodaboda. Petroli lita moja ikiungua hutoa hewa ukaa kama kilo 2.3. Pikipiki ya kawaida huenda kilomita 40 hivi kwa lita. Kama kutoka maktaba hadi kwenu ni kilomita nne, safari hiyo ni takriban robo kilo. Ukipanda usiku 20 kwa mwezi haifiki kilo tano. Binti hahatarishi maisha yake gizani kwa kilo tano, na mhadhiri mwenye akili hawezi kukudai hizo.

Chaja nazo waachie wenzako. Kuchaji simu moja kila siku mwaka mzima hakumalizi hata uniti kumi za umeme. Hewa ukaa kubwa ya simu hutoka kiwandani inakotengenezwa, kabla hujafungua boksi. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia mtu hapo, mshawishi asibadilishe simu nzima kwa sababu imetoka toleo jipya. Mbuzi wa besdei sina la kusema juu yake. Anayekula nyama bumu likitoka tu hana nyama ya kupunguza.

Sasa tuje kwenye kikokotoo chako. Wazo la kupima mzigo ambao maisha ya mtu yanaitwisha dunia kwa mfano wa unyayo lilitoka Canada miaka ya 1990, kwa wasomi William Rees na Mathis Wackernagel wa Chuo Kikuu cha British Columbia. Lakini kilichoufikisha unyayo wa kaboni kwenye midomo ya watu wa kawaida ni tangazo la biashara. Kampuni ya mafuta ya BP iliendesha kampeni kubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2004 ikaweka kikokotoo chake kwenye intaneti ili mteja ajue yeye anachafua kiasi gani. Mwenye kisima cha mafuta anamuuliza mnunuzi wa lita moja! Sisemi kupima ni upuuzi. Nasema maswali uliyoulizwa yalitungwa kwa mtu mwenye gari, bili ya kupasha nyumba joto na tiketi za ndege, ndiyo maana kilipofika kwako kilikosa cha kuuliza kikaamua kukupongeza.

Tena hata hiyo tani moja na nusu siiamini. Umechagua Afrika Kusini, nchi ambayo umeme wake mwingi unatokana na makaa ya mawe. Wa kwetu unatokana zaidi na maji na gesi asilia, na tangu mashine za Bwawa la Nyerere pale Rufiji zianze kuingia kwenye gridi mwaka 2024, sehemu ya maji imekuwa kubwa zaidi. Bwawa hilo peke yake limejengwa kwa megawati 2,115. Uniti yako moja ya LUKU, kwa hiyo, umeihesabia moshi ambao haina. Ukihesabu mafuta, gesi na makaa ya mawe tu, Mtanzania wa kawaida anatoa kama robo tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Wastani wa dunia unakaribia tani tano, na Mmarekani anazidi 13. Kwa upande huo wewe huna deni la maana, na hilo peke yake ni jibu la kisayansi. Mwanafunzi akipima akakuta kidogo, anaandika kidogo.

Ila kuna kitu ambacho kikokotoo hakikukuuliza kabisa, nacho kipo barazani kwenu kinachemsha maharage.

Hesabu hii ifuate kwa kalamu. Mkaa mzuri kama asilimia 80 yake ni kaboni, kwa hiyo kilo moja ikiungua hutoa hewa ukaa kama kilo tatu. Tuseme nyie wanne mnatumia kilo moja na nusu kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 45, sawa na kilo 135 za hewa ukaa jikoni. Hapo wengi huishia. Lakini mkaa haukuota mkaa. Kwenye tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hula kilo sita hadi kumi za kuni, ikitegemea ukavu wa miti na ufundi wa mchomaji. Chukua nane. Kilo zenu 45 zimekula kilo 360 za kuni. Nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, yaani kilo 180, na kila kilo ya kaboni ikigeuka hewa ukaa huwa kilo 3.67. Zidisha: kilo 660 kwa mwezi. Gawanya kwa wanne, kila mmoja ana kilo 165.

Linganisha na zile kilo tano za bodaboda zilizokufanya utembee gizani.

Uone pia jambo jingine ndani ya hesabu hiyo. Kati ya kilo 660, zilizotoka jikoni kwenu ni 135 tu. Zilizobaki, zaidi ya robo tatu, zilipotelea porini kwenye tanuri kabla gunia halijafika Dumila, na sehemu yake haikuwa hewa ukaa bali methani, ambayo hupasha dunia joto kwa nguvu zaidi. Kwa maneno mengine, mama yako na kopo lake ni kituo cha njiani. Tatizo kubwa liko kwa mchomaji mwenye kuni mbichi na tanuri linalovuja, na kwenye msitu unaokatwa bila kuachwa upumue.

Hapo kwenye msitu ndipo wanasayansi wenyewe wanabishana, na ukiweza kulieleza darasani utawazidi wengi. Mti uliokatwa ukichipua tena, unavuta hewa ukaa ile ile iliyotoka. Ukikatwa na shamba likalimwa juu ya kisiki, hakuna wa kuirudisha. Kwa hiyo zile kilo 165 ni hesabu ya msitu usiorudi; ukichipua, zinapungua. Na kwenu Kilosa mna mfano unaosomwa na watu wa mbali: kupitia mradi ulioanza mwaka 2012, baadhi ya vijiji vinavuna mkaa kwa mpango. Msitu wa kijiji unagawanywa vitalu vidogo vya mita 50 kwa 50, kinavunwa kimoja na cha jirani kinaachwa, visiki vinaachwa vichipue, kitalu kinapumzishwa zaidi ya miaka 20, wachomaji wanafundishwa tanuri bora, na ushuru unabaki kijijini. Mkaa wa namna hiyo na mkaa wa wizi wa usiku vyote ni vyeusi kwenye gunia, lakini hesabu yake haifanani hata kidogo.

Ndiyo maana nimesema mama ana takwimu. Muulize: mzigo unatoka kijiji gani? Una kibali? Wanachoma miti gani, mikavu au mibichi? Tanuri moja hutoa magunia mangapi? Mkaa wa mti upi hudumu jikoni na upi humalizika kama karatasi? Muuza mkaa wa miaka mingi anajua yote hayo kwa kushika tu. Andika majibu yake, na kabla ya kuyatumia mbele ya darasa muombe ruhusa. Akikubali, siku ya kuprizenti huna cha kuficha, sema: "Mama yangu anauza mkaa, na hizi ndizo takwimu alizonipa." Akikataa, tumia hesabu bila kumtaja. Watu kadhaa mle darasani wamesomeshwa na mkaa vile vile, hawajasema tu.

Sasa kupunguza. Msimamo wangu ni huu: usipime mtu mmoja, pima chungu. Nyie mnakula chungu kimoja, na huwezi kuikata robo yako ya moto. Kaa na wenzako, na uanze kwa kuwaomba msamaha wa zile chaja, kisha muamue pamoja. Maharage na makande yalowekwe usiku kucha. Sufuria ifunikwe, jambo ambalo kila bibi anajua na kila geto la wanafunzi limesahau. Chakula kikiiva, mkaa uliobaki msiuache uungue bure mkipiga soga. Utieni kwenye kopo lenye mfuniko ufe, kesho utawaka tena. Kama jiko lenu ni lile la bati tupu, nunueni jiko banifu lenye udongo ndani, linapunguza mkaa kwa kiasi cha kuonekana. Kutoka kilo moja na nusu hadi kilo moja kwa siku si ndoto, na hiyo ni theluthi nzima, zaidi ya asilimia 20 uliyoombwa. Kwa kila mmoja wenu ni kilo 55 za hewa ukaa kwa mwezi, na pesa imebaki mfukoni.

Mkitaka kwenda mbali zaidi kuna mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita. Gesi nayo hutokana na mafuta na gesi asilia, sitakuficha, na kilo moja ikiungua hutoa kama kilo tatu za hewa ukaa, sawa na mkaa jikoni. Lakini inapika haraka na haina tanuri porini nyuma yake. Wanne mkitumia hata kilo kumi kwa mwezi, ni kilo 30 za hewa ukaa badala ya zile 660. Najua ugumu wenu: mkaa unanunulika kwa kopo ukiwa na buku mbili, gesi inataka elfu ishirini na kitu kwa mpigo. Basi jazeni siku bumu linapoingia, kabla ya viatu. Jiko la presha la umeme ni zuri kuliko yote, chungu cha maharage hakimalizi uniti moja, isipokuwa wenye nyumba wengi wakilisikia jiko la umeme kwenye LUKU ya pamoja wanatoa notisi. Mkalizungumze na wenu mkiwa na hesabu mkononi, au mfunge mita ndogo ya kwenu.

Kuhusu rafiki yako anayekushauri uchakachue, mwambie hapana, kwa sababu isiyo ya kidini wala ya kuogopa kukamatwa. Ukiandika tani tatu za uongo unajinyang'anya jambo pekee la kuvutia ulilogundua. Nenda kwa mhadhiri wiki hii, kabla ya siku ya kuprizenti, umuoneshe kurasa mbili: namba ya kikokotoo na kasoro zake, na namba ya chungu. Muombe akuruhusu kupimwa kwa kaya na kwa kilo, badala ya asilimia ya mtu mmoja mmoja. Mtindo wa asilimia unampendelea mwenye kingi, kama vile shindano la kupunguza uzito linavyompendelea mwenye kitambi. Mwambie kwa adabu, wala usimtaje mwenzako mwenye gari. Huyo naye hana kosa kwa kuzaliwa kwenye gari, na kuacha gari mwezi mzima kumempa tabu ya kweli. Ila kama hesabu yake ya mwezi haina Dubai ndani yake, mhadhiri anapaswa kumuuliza, maana kwenda na kurudi kule kwa ndege kunazidi nusu tani kwa abiria mmoja, ambayo ni miaka miwili ya yule Mtanzania wa robo tani.

Mhadhiri akikataa ombi lako, toa kazi kama alivyotaka, weka na ukurasa wa chungu kama nyongeza. Alama chache zikipotea zimepotea, hufukuzwi chuo.

Jambo la mwisho kuhusu Dumila, na hili si la Jumamosi hii. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hata ukitimia nusu, wateja wa kopo watapungua, wa mjini kwanza. Wewe unayejua hilo unaweza siku moja kukaa na mama na daftari mkapiga hesabu ya kuweka mitungi ya gesi pembeni ya magunia, mtaji kiasi gani, faida kiasi gani kwa mtungi. Yeye ana wateja na ana imani yao, kitu ambacho wakala mpya hununua kwa miaka. Lakini mada hiyo ailete yeye, au uilete mkiwa mmeshacheka pamoja tena.

Mizani ya kuning'iniza muazime kwa muuza nafaka yeyote sokoni. Pima mkaa asubuhi kabla ya kuwasha, na usiku pima uliobaki pamoja na ule mliouzima kwenye kopo, utoe. Fanyeni hivyo wiki nzima kabla ya kubadilisha lolote, Jumapili ikiwemo maana ndiyo siku ya pilau, na msipime mkaa ulionyeshewa mvua, utawadanganya.